Mwambieni kabla hajajisajili

Shahada yangu ya sheria niliisoma kwa masafa. Leo nimo kwenye orodha ya mawakili, nasimama mahakamani, na nina vijana wanaofanya mafunzo ya kazi chini yangu. Kwa hiyo ubishi wa kama shahada za masafa zitambuliwe kwa ajili ya uwakili unanigusa moja kwa moja. Nimeusikiliza kwenye mikutano ya chama cha mawakili, nimeusoma kwenye nyaraka za mabaraza, na kila mara naona unaanzia pasipofaa. Watu hubishana kama aliyesomea nyumbani anaijua sheria sawa na aliyekaa darasani. Hilo linapimika, na vipimo vyake vipo. Linaloumiza watu ni jingine: mwanafunzi anapokewa chuoni, analipa ada miaka minne au sita, anavaa joho, kisha anafika kwenye mlango wa taaluma na kuambiwa kwamba masomo ya namna yake hapo hayahesabiki.

Nianze na jambo ambalo hata wanasheria wenzangu hulichanganya. Kati ya mwanafunzi na kiapo cha uwakili kuna idhini tatu, na zinatolewa na watu tofauti. Kuna idhini ya chuo kuwa chuo na kozi kuwa kozi, inayotolewa na tume ya vyuo vikuu au wizara. Ukiwa na shahada iliyopita hapo unaweza kuombea kazi, kupandishwa cheo, kuendelea na shahada ya uzamili. Kuna idhini ya pili, ya baraza la elimu ya sheria au chombo chochote chenye kazi hiyo, inayosema ni shahada gani inamruhusu mtu kuingia mafunzo ya uwakili au kufanya mtihani wake. Ya mwisho ni ya kuapishwa kwenyewe, ambapo mahakama au chama huangalia mwenendo wa mtu. Idhini ya kwanza haiilazimishi ya pili. Tangazo la chuo linaposema "shahada yetu inatambuliwa na serikali", linasema kweli, na bado halijajibu swali la mtu anayetaka kuwa wakili.

Mfano wa Nigeria unaonyesha gharama yake. Chuo Kikuu Huria cha Taifa cha nchi hiyo, wanachokiita NOUN, kilianzishwa 1983, kikasimamishwa 1984 na serikali ya kijeshi ya Muhammadu Buhari, kikafufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Olusegun Obasanjo. Kikafundisha sheria, wanafunzi wakahitimu. Nchini humo huwezi kuwa wakili bila kupita Shule ya Sheria ya Nigeria, na wahitimu hao hawakupokewa. Baraza la Elimu ya Sheria lilishikilia kwamba halitambui masomo ya sheria kwa njia ya posta, na sheria yenyewe iliyounda chuo ilikuwa na maneno yaliyokiweka kwenye kundi hilo. Watu walikaa na shahada zao miaka. Desemba 2018 Buhari, safari hii akiwa rais aliyechaguliwa kwa kura, alitia saini marekebisho ya sheria ya chuo ili kuondoa kikwazo hicho.

Sisemi baraza lilikosea kulinda mlango wake. Mabaraza yamewekwa kwa kazi hiyo, na mteja anayemkabidhi wakili nyumba yake au uhuru wake anastahili ulinzi huo. Ninachosema ni kwamba dola moja ilimjibu mwananchi mmoja majibu mawili yanayopingana: la kwanza wakati wa kupokea ada, la pili baada ya ujana wake kwisha vitabuni. Aliyepaswa kubeba mgongano ule alikuwa mwenye mamlaka, na aliyeubeba akawa mwanafunzi.

Wakati nasoma, mimi nilikuwa karani wa masjala ya mahakama. Kazi yangu ilikuwa kupokea nyaraka, kuzigonga muhuri, kuzipa namba na kulitafuta jalada ambalo hakimu analihitaji sasa hivi na jana halikurudishwa mahali pake. Moduli, yaani vijitabu vya masomo, zilikuja kwa posta kwenye bahasha za kaki, baadaye zikaanza kuja kwa intaneti, nami nikawa nazichapa kwa sababu macho yangu hayakuzoea kusoma kwenye skrini ndogo. Nilisoma alfajiri kabla watoto hawajaamka na mchana masjala ikifungwa kwa mapumziko. Chuo kilikuwa mbali, na mshahara wangu ulitegemewa na watu wengi kuliko mimi. Darasa la mchana halikuwamo kwenye uchaguzi wangu. Lilikuwapo lile la masafa, au hakuna.

Watu hudhani anayesoma hivyo husoma peke yake na karatasi. Kwa sehemu ni kweli, na nitalirudia hilo. Lakini masjala ilinipa kitu ambacho darasa halikuwa nacho. Moduli ya mwenendo wa madai iliponifundisha kwamba hati ya kiapo ieleze mambo ambayo mwapaji anayajua, na kwamba hoja za kisheria hazina nafasi ndani yake, nilikuwa nimeshaona viapo vikipingwa kwa sababu hiyohiyo. Niliona hati ikirudi kwa kuwa pale chini, anaposaini anayeshuhudia kiapo, hapakuandikwa tarehe wala mahali. Niliposoma ushahidi wa kusikia, nilikaa nyuma ya chumba cha mahakama siku yenye nafasi na kumsikiliza shahidi akisema "jirani aliniambia", wakili wa upande wa pili akisimama, na hakimu akiandika. Usiku nikarudi kwenye moduli nikaielewa kurasa tano mbele. Wanafunzi wa masafa niliowajua walikuwa hivyo: askari, mwalimu, ofisa wa ardhi, mama wa ushauri wa kisheria kwenye shirika la wanawake. Ofisa wa ardhi alitufundisha hatimiliki kwa simu, bila karatasi, na sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri kuliko yeye.

Kilichokosekana kilikosekana kweli, na wanaotetea masafa bila kulitaja hilo wanatupunguzia heshima. Hatukuwa na mtu wa kubishana naye pale pale, hoja ikiwa bado ya moto. Unaandika jibu la swali la mikataba, unalituma, na maoni ya mwalimu yanarudi wakati umeshaanza sheria ya katiba. Maktaba ilikuwa tatizo jingine: moduli inakutajia kesi, na kesi yenyewe huna pa kuisoma. Na kulikuwa na sauti. Chuo chetu kilikuwa na vipindi vya ana kwa ana kila mwaka, na kwenye mahakama ya mazoezi ndipo niliposimama kwa mara ya kwanza na kusema "Mheshimiwa Jaji" kwa kinywa changu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo maelfu ya mara. Kulisema, watu wakiwa kimya wakingoja sentensi inayofuata, kulihitaji mwili wangu uwe mle ndani. Hakuna moduli ingenipa hilo.

Nilipoomba kuingia mafunzo ya uwakili nilihojiwa na jopo. Mjumbe mmoja aliipindua nakala ya matokeo yangu mezani, kana kwamba nyuma yake kuna kitu, akauliza: "Wewe mama, kumhoji shahidi wa upande wa pili umejifunzia wapi?" Nikamjibu kwamba bado sijajifunza, na kwamba nimekuja kujifunza hapo, pamoja na wale waliosoma darasani, kwa kuwa nao bado hawajajifunza. Mwenyekiti akaniuliza swali la sheria ya ushahidi, gumu, nikalijibu. Nikapita. Lakini namfikiria aliyeingia baada yangu, pengine mwenye haya zaidi, ambaye hatima yake ilitegemea mjumbe yule ameamkaje. Kanuni iliyoandikwa ingetulinda wote, na jopo pia.

Sasa, mahudhurio. Hapo ndipo hoja nyingi za kukataa zinasimama. India ni mfano wa msimamo usioyumba: Kanuni za Elimu ya Sheria za 2008 za Baraza la Mawakili la nchi hiyo zinadai mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 70 ya vipindi ndipo afanye mtihani wa mwisho wa muhula. Shahada ya sheria ya posta haikufikishi kwenye uwakili huko. Wana sababu zao. Nchi kubwa yenye vyuo vingi vya sheria ina haki ya kuogopa vyuo vya kuuza vyeti, na rejista ya mahudhurio ni kitu ambacho mkaguzi anaweza kukishika mkononi. Naliheshimu hilo, hasa kwa kuwa limesemwa wazi na mapema. Mhindi anayeanza sheria kwa posta anajua, au anaweza kujua siku hiyohiyo, kwamba njia ile haifiki mahakamani.

Lakini rejista inapima nini? Inapima kwamba mtu alikuwamo chumbani. Mwaka 2022 nchini Tanzania matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo yaliwashtua watu wote wa sheria: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wale 633 walikuwa na shahada kutoka vyuo mbalimbali, wengi wao vya darasani. Sitaki kuigeuza namba hiyo kuwa fimbo ya kumpiga mtu. Sababu za matokeo kama yale ni nyingi, kuanzia lugha hadi namna mitihani inavyotungwa. Nasema tu kwamba kukaa darasani miaka minne hakukuwa kinga, na kwamba nchi hiyohiyo ina Chuo Kikuu Huria kilichoundwa kwa sheria ya 1992, ambacho wahitimu wake wa sheria huingia kwenye taasisi ileile na kufanya mtihani uleule. Mtihani hauulizi ulikaa wapi.

Ukirudi nyuma kidogo, kudai shahada ya darasani ni jambo jipya kuliko linavyosikika. Abraham Lincoln alipata leseni ya uwakili Illinois mwaka 1836 kwa kusoma vitabu vya kuazima. Hati ya kifalme ya 1858 ilikifungulia Chuo Kikuu cha London mlango wa kuwatahini watu waliosomea popote, na kwa miongo mingi watu wa makoloni walipata shahada za sheria bila kuiona London. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha kwa masafa tangu 1946. Nelson Mandela alifungua ofisi ya uwakili na Oliver Tambo mwaka 1952 akiwa hana shahada ya sheria, kwa sababu wakati ule mtihani na mafunzo ya kazi vilitosha. Shahada yenyewe aliifukuzia gerezani kwa masomo ya posta, London kwanza, na mwishoni akaipata UNISA mwaka 1989. Huyo ni mtu aliyekuwa wakili kwanza na mhitimu baadaye, na sidhani kuna atakayesema mahakama zilipungukiwa naye.

Mifumo ninayoiona ina akili ni ile inayopima uwezo na kupima mapema. California imekuwa na shule za sheria za posta na za masafa kwa muda mrefu, zikisajiliwa na chama cha mawakili cha jimbo. Mwanafunzi wa shule hizo anatakiwa asome saa 864 kwa mwaka, miaka minne, na baada ya mwaka wa kwanza afanye mtihani wa mikataba, jinai na madhara, yaani makosa ya kumdhuru mwenzako yanayodaiwa fidia. Akishindwa, haendelei kuhesabiwa miaka yake kama hakuna kilichotokea. Mtihani ule ni mkali na wengi huanguka. Wapo wanaouita ukatili. Mimi nauona kuwa wema mkubwa kuliko wote, kwa kuwa unamwambia mtu ukweli akiwa bado ana pesa, ana kazi na ana muda wa kuchagua kingine.

England na Wales, kwa masolisita, yaani mawakili wanaowashauri wateja na kuwaandalia nyaraka, wamekwenda mbali zaidi. Tangu Septemba 2021 kuna mtihani mmoja kwa wote, SQE. Sehemu ya kwanza ni karatasi mbili zenye maswali 180 kila moja. Ya pili inakuweka mbele ya mteja wa kuigiza na mbele ya jaji wa kuigiza: umhoji, uandike, utetee. Juu yake kuna miaka miwili ya kazi ya kisheria na uchunguzi wa mwenendo. Shahada inaweza kuwa ya fani yoyote. Kwa mfumo wa namna hiyo, ubishi wa darasa na masafa unakwisha wenyewe, maana hakuna anayeingia kwa jina la chuo chake. Malaysia wana njia yao: mwenye shahada ya sheria ya London aliyoisoma akiwa kwao hufanya mtihani wa Cheti cha Uwakili, ulioanza 1984, kisha miezi tisa ya mafunzo chini ya wakili mwenye uzoefu.

Pale pasipo na kanuni ya namna hiyo, mtu hulazimika kwenda mahakamani kupigania nafasi yake mwenyewe. Ross Mitchell alisoma Concord, shule ya kwanza ya sheria nchini Marekani kufundisha yote kwa intaneti, iliyofunguliwa 1998. Alifaulu mtihani wa uwakili wa California. Massachusetts alikoishi walidai shahada kutoka shule iliyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani, na Concord haikuwa na idhini hiyo. Akajitetea mwenyewe hadi Mahakama Kuu kabisa ya jimbo, na Novemba 2008 ikamruhusu kufanya mtihani. Ruhusa ilikuwa yake peke yake; kanuni ilibaki kwa wengine wote. Namstahi sana bwana yule. Lakini mfumo unaomtaka mtu ashinde kesi ya rufaa ili athibitishe kwamba anaweza kufanya mtihani umemtwika mzigo usio wake.

Halafu ikaja 2020. Vyuo vikafungwa, na waliosajiliwa darasani wakasomea vyumbani mwao. Mei ya mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza hoja za mawakili kwa simu. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikuwa imeshaanza kusikiliza kesi kwa video tangu Machi. Nilishiriki mashauri ya video kipindi hicho na nikaona jambo ambalo halikunishangaza: makarani na mawakili waliosoma kwa masafa walizoea haraka kusoma jalada kwenye skrini, kuandika hoja zinazojitosheleza bila kutegemea ishara za mkono, kungoja zamu. Wahitimu wa miaka ile waliapishwa, na ilikuwa haki waapishwe. Baraza lililowapokea bila kuwauliza walikaa wapi lina deni la kueleza kwa nini linamuuliza mwingine.

Vijana wangu wa mafunzo wamenifundisha pa kuweka mstari. Nimekuwa na binti aliyesoma chuo chenye jina kubwa, mwenye alama za juu, ambaye alijua nadharia ya sheria kuliko mimi na hakuweza kumsikiliza mteja. Mzee alikuja na mgogoro wa mpaka wa shamba. Binti akamkatiza kumuuliza tarehe, mzee akanyamaza, na jambo muhimu, kwamba mdogo wake alishauza kipande, tulilipata wiki mbili baadaye. Nimekuwa na kijana wa masafa, aliyekuwa dereva wa gari la mizigo, aliyemsikiliza mteja vizuri sana na kuandika hati ya madai iliyokuwa hadithi tupu, pasipo chanzo cha madai, yaani kosa linalompa mteja haki ya kushtaki, kuonekana. Wote wawili wamekuwa mawakili wazuri. Kilichowatengeneza ni kazi iliyosimamiwa, wakili aliyeketi nao na kuwarudishia rasimu ikiwa na wino mwekundu. Binti nilimkalisha kimya kwenye mahojiano hadi akajifunza kunyamaza. Kijana nilimfanya aandike madai yaleyale kwa aya fupi hadi kila aya ikabeba jambo moja.

Ndiyo maana nasema: vile vinavyohitaji mwili wa mtu kuwepo, yaani kumhoji shahidi, kumsikiliza mteja, kusuluhisha, kusimama, viwekwe kwenye mafunzo ya uwakili na mafunzo ya kazi, ambako kila mmoja lazima apite. Huko mahudhurio yadaiwe bila huruma. Chuoni kidaiwe kujua sheria. Na mtihani wa shahada ufanyike ukumbini, kwa kitambulisho, mbele ya msimamizi. Hapa sina ulegevu. Kazi za nyumbani zinaweza kuandikwa na mtu wa kukodiwa, na siku hizi hata na mashine. Chuo cha masafa kisichomwona mwanafunzi wake uso kwa uso siku ya mtihani hakiwezi kumtolea taaluma ushahidi kwamba aliyesoma ndiye huyu. Mabaraza yakiliweka hilo kuwa sharti, yatakuwa yamelinda umma, na sisi tuliosoma hivyo tutakuwa wa kwanza kushukuru.

Hivi karibuni muuguzi wa zamu za usiku aliniandikia: "Dada wakili, nimepata nafasi ya kusoma sheria kwa masafa. Nikimaliza nitaapishwa?" Nilimwambia asinitegemee mimi wala wakala wa chuo. Aliandikie baraza la elimu ya sheria barua, ataje jina la chuo, jina la kozi, tawi, na kwamba ni ya masafa, aulize kama mwenye shahada hiyo ataruhusiwa kuingia mafunzo ya uwakili. Jibu liwe la maandishi, lenye tarehe na sahihi. Aangalie idhini ya kozi inaisha mwaka gani, kwa sababu kozi inaweza kuidhinishwa kwa kipindi na isiongezewe. Aangalie kama masomo ya lazima yote yamo. Kuna shahada za sheria ambazo ni nzuri kwa kazi za benki au utawala na zimekosa somo moja tu la msingi, na somo hilo moja litamrudisha chuoni. Aulize mitihani inafanyika wapi. Na kama ana ndoto ya kufanya kazi nchi nyingine, aulize huko pia: New York, kwa mfano, kwa wahitimu wa nje wanaosoma shahada ya uzamili ili waruhusiwe kufanya mtihani wake wa uwakili, kanuni zinataka masomo ya darasani, si ya masafa.

Nikamwambia pia kwamba jibu likiwa hapana, hapana hiyo ni ya thamani, maana ameipata bila kulipa ada.

Lakini haifai kila muuguzi awe mpelelezi wa maisha yake. Kazi hiyo ni ya baraza. Orodha ya kozi zinazokubaliwa na zisizokubaliwa iwekwe hadharani kila mwaka, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, ikitaja masafa kwa jina. Chuo kisichokubaliwa kilazimishwe kuandika hivyo kwenye fomu ya maombi, juu, kwa herufi za kawaida, na mwombaji aweke sahihi kwamba amesoma. Baraza likibadili kanuni, kanuni mpya iwahusu watakaojisajili kuanzia tarehe yake na kuendelea. Waliomo ndani wamalize kwa kanuni waliyoingia nayo. Na kama kuna upungufu wa kweli kwenye kozi yao, wapewe masomo ya kuziba pengo, kwa muda unaojulikana na gharama inayojulikana, kisha wafanye mtihani pamoja na wenzao.

Mapendekezo haya nimeyaandika kwa urefu zaidi na kuyawasilisha kwa kamati ya elimu ya chama chetu. Wanaoyapinga nimewaomba waje na majalada ya mawakili waliosoma kwa masafa na waliosoma darasani, na malalamiko ya wateja dhidi ya kila kundi, tuyasome mezani ukurasa kwa ukurasa. Kikao kikipangwa nitaandika hapa walichosema.